Kibajuni si Kiswahili kibovu, tuwache kukicheka

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza bibi mmoja, jirani yetu hapa Kibokoni, kwenda kliniki. Si bibi yangu wa damu, lakini ndiye aliyenilea mamangu akiwa kazini, kwa hivyo wewe hesabu ni wangu. Goti lamsumbua. Tulipoingia kwa daktari akaanza kueleza kwa Kibajuni chake, toka mwanzo: maumivu yalianza vipi, yapanda hadi wapi, usiku yamfanya nini. Yule kijana mwenye koti jeupe akacheka. Akanigeukia mimi: "Mwambie aongee Kiswahili vizuri."

Bibi akanyamaza. Alipoulizwa tena akasema, "Goti tu, mwanangu." Tukarudi na vidonge vya maumivu. Yale ya usiku hakuyasema, na mimi kwa aibu sikuyasema pia.

Kicheko kile mimi na wewe twakijua. Hapa maskani tumemwiga Mbajuni mara ngapi? Anavyogeuza "t" kuwa "ch", sisi mbavu hatuna. Na sisi wenyewe wa Mvita tukifika bara twachekwa tukisema mato na mtele. Shuleni niliandika "nti" kwenye insha, kalamu nyekundu ikanipitia. (Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini usidhani ni hilo. Karo ilinishinda.) Muyaka bin Haji hakutunga kwa Kiswahili sanifu, na sijasikia mtu akimwita mbumbumbu.

Bibi alizaliwa pande za Kiunga, kule juu kabisa Lamu Mashariki, Somalia ikiwa hapo mbele tu. Alikuja Mombasa akiwa mtoto miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, Wabajuni walipohama vijiji vyao wakakimbilia visiwani, Malindi na huku kwetu. Wengi hawakurudi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 Lamu Mashariki nzima. Mvita peke yake, hapa tunaposukumana na tuktuk, ni 154,171. Na hao wachache hawana lugha moja: ukiingia wadi ya Basuba, msituni, kuna Waaweer, tuliozoea kuwaita Waboni, na lugha yao hata ya Kibantu si.

Sasa sikiza hii. Huko Ufini, nchi ya baridi Ulaya, kuna manispaa iko kaskazini kabisa, mpakani na Norwe. Yaitwa Utsjoki. Eneo lake lapita kilomita mraba 5,000, watu wake ni kama 1,200 tu, na wengi ni Wasami, wenyeji wa asili. Mto wa mpakani, Wanorwe wauita Tana. Ndiyo, Tana, kama huu wetu! Niliangalia ramani mara mbili.

Zamani watoto wa Kisami walipelekwa mabweni ya shule wakafunzwa Kifini, wengine wakarudi kwao lugha imeshawatoka. Lakini watu walipigania. Sheria ya lugha inayotumika tangu 2004 yampa Msami wa pale haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa lugha yake. Afisa asiyeijua atafutiwe mkalimani, na mwananchi halipi. Hadi mabango ya barabarani yana lugha mbili. Watu 1,200! Hao hata uwanja wa Makadara siku ya Idi hawaujazi.

Sisi nasi tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 chaiambia dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Lakini Mbajuni akidai haki hiyo ataambiwa: wewe si Mswahili? Lugha yako ndiyo ya taifa, wataka nini tena? Hapo ndipo nachukia. Kiswahili cha taifa ni kile kilichosanifiwa kutoka Kiunguja, kazi ya kamati iliyoundwa na wakoloni mwaka wa 1930. Bibi wa Kiunga hakuulizwa. Msami angalau alimezwa na mgeni, huyu wetu amezwa na ndugu yake, na ndugu huwezi kumshtaki kirahisi.

Sisemi vitabu vyote vya shule viandikwe upya kwa Kibajuni. Nasema kaunti za Lamu na Mombasa zikiajiri wauguzi na makarani, kujua Kibajuni au Kiaweer kuhesabiwe kama ujuzi, kama vile kompyuta inavyohesabiwa. Vijana wa Kibajuni wenye vyeti wamejaa barazani hapa, wanakunywa kahawa tungu kungoja kazi. Na wewe uliye na nyanya nyumbani, simu yako imejaa video za watu usiowajua. Mrekodi basi hata dakika kumi akisimulia kwao.

Kadi ya bibi yasema arudi Jumanne. Nimemwambia safari hii aeleze yote, kwa Kibajuni, mimi nitasimama pale pale mpaka yaandikwe.

Ameniangalia kitambo. "Na akicheka tena?"