Usiuachie mto kazi ya kukulinda

Ndugu wafanyakazi, nanyi mama wa nyumbani wa Kamina! Kolera hurudi mara kwa mara Bukama, na reli inatuunganisha na huko.

Wengine husema: «Maji ya mto hujisafisha yenyewe.» Kuna ukweli kidogo. Majini mna faji, kirusi kidogo sana kinachoingia ndani ya kijidudu cha kolera, kikazaana humo, kisha kikakipasua. Mtaalamu Félix d'Hérelle alikijaribu kwa wagonjwa wa India mwaka 1927.

Lakini faji huongezeka vijidudu vikiwa vimekwisha kuwa vingi, yaani watu wamekwisha kuugua. Huyo ni mlinzi anayefika baada ya mwizi! Basi chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni. Anayeharisha maji matupu apelekwe dispansere saa ile ile.