Pima Kabla ya Kuzika

Siku hizi kuna watu wanauza tani za kaboni dayoksaidi zilizozikwa chini ya ardhi. Ripoti zao zinameremeta, picha za milima na mawingu. Mimi nina swali moja tu: mnajuaje kama bado iko huko?

Msituambie ati "tuaminiane." Kujua kunawezekana. Pale Sleipner, Bahari ya Kaskazini, Wanorwe wamekuwa wakisukuma gesi hii kwenye mwamba wa mchanga, karibu mita 1,000 chini ya usawa wa bahari, tangu 1996. Lakini eneo lilikuwa limeshapimwa kwa mitetemo mwaka 1994. Meli inapiga mshindo majini, mawimbi ya sauti yanashuka, yanagonga miamba, mwangwi unarudi. Ni kama ultrasaundi, ila tumbo ni la dunia. Gesi ikichukua nafasi ya maji ya chumvi, mwangwi unabadilika. Walipopima tena 1999 na kulinganisha picha mbili, wakaiona gesi imepanda na kutandaa tabaka juu ya tabaka.

Picha hiyo haihesabu kila tani, na si bei ya mkate. Sawa. Lakini angalia In Salah, jangwani Aljeria. Walianza kuzika 2004. Setilaiti zikaonyesha ardhi inainuka kwa milimita chache kila mwaka, vipimo vya mitetemo vikaongeza shaka kuhusu mwamba unaofunika gesi, na 2011 wakasimamisha kazi. Bila vipimo, nani angewasimamisha?

Sasa mipango kama hii imefika Bonde la Ufa, kwetu, kwenye miamba ya basalti. Huko gesi inatarajiwa kugeuka jiwe, na mitetemo peke yake huenda isitoshe. Itabidi kupima pia maji ya visima. Hakuna shida. Chagueni kifaa chochote kinachofaa, mradi mpime kabla hamjasukuma hata kilo moja. Ukishaanza, picha ya "kabla" huipati tena, hata ulipe mamilioni. Na watu wanaochunga na kuchota maji juu ya hiyo miamba wana haki ya kuiona kabla ya mteja wa ng'ambo.

Kwa hivyo ukiletewa tani za kununua, usianze na bei. Uliza picha ya kabla iko wapi, na nani anaruhusiwa kuiangalia. Wakianza kukuzungusha, jua hujauziwa hewa safi. Umeuziwa hewa.