Masafa matatu yanatosha

Kilomita 42, kilomita 21, kilomita 10, kilomita 5, na mbili na nusu ya familia. Bango la mbio za hisani siku hizi linasomeka kama ubao wa mama lishe: wali nyama, wali samaki, wali maharage, ugali dagaa, ndizi. Ukikaa na kuagiza unaambiwa kilichobaki ni wali maharage.

Mbio nazo ni hivyo hivyo. Bangoni kuna masafa matano, lakini maji yapo ya masafa mawili, waelekezaji wa njia hawatoshi hata hayo mawili, na medali zimekwisha kabla watu wa 21 hawajarudi. Halafu maelezo ni yale yale: gari la maji lilichelewa, vijana wa njiani walikimbia jua, mtu wa saa alichanganya matokeo. Hapana. Mambo yaliharibika kikaoni, siku mlipoandika namba tano mahali pa tatu.

Kwa hiyo tunawaambia mapema wote wanaopanga mbio katika Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba: kabla hamjachapisha jezi, punguzeni.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Kila masafa yana wanaume na wanawake, na kila upande una mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Masafa matano ni zawadi 30. Masafa matatu ni zawadi 18. Hizo 12 za tofauti ni fedha ambazo zingenunua maji, zingekodi gari la wagonjwa, au zingeongeza kile kilichofanya mbio ziitwe za hisani tangu mwanzo.

Sasa tuseme wamejiandikisha watu 200. Kilomita 5 imechukua 120, kilomita 10 imechukua 50, kilomita 21 imechukua 20. Watoto wanne wamejiandikisha kwa mbili na nusu, na 42 imepata watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu. Kila mmoja wa hao sita ana zawadi mkononi kabla hajafunga kamba za viatu. Anachodaiwa ni kufika tu.

Na hao sita ndio wanaowala wengine. Mbio zikianza saa 12:30 asubuhi, mtu wa kawaida wa 42 anaweza kurudi saa 5:30, na anayejikongoja akarudi saa 6:30 mchana. Ifakara iko chini, hata mita 300 juu ya usawa wa bahari haifiki, na jua la mchana hapa halihitaji maelezo. Muda wote huo askari wa usalama barabarani yuko juani, muuguzi yuko juani, binti wa meza ya maji yuko juani akimsubiri mtu mmoja. Mwakani mkimwita hatakuja, nanyi mtasema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea.

Tunazijua sababu mnazozitoa. Tuzipitie.

"Mdhamini anataka masafa mengi." Mdhamini anataka picha ya umati kwenye mstari wa kuanzia. Watu 200 wakigawanywa mafungu matano yenye saa tano tofauti, mpiga picha atapata vikundi vya watu waliosimama wakipiga miayo. Waanze pamoja, au kwa mafungu mawili yaliyofuatana, na picha itajaa yenyewe.

"Wageni wa Dar es Salaam na Morogoro hawatakuja bila 42." Klabu za kukimbia huja kwa ajili ya safari, kwa ajili ya wenzao, na kwa ajili ya wali wa Kilombero. Kilomita 21 inawatosha kabisa. Anayetaka 42 ya kweli ana Kilimanjaro Marathon ya Moshi.

"Hatutaki kumwacha mtu." Ndiyo maana kuna kilomita 5. Mtu akitembea mwendo wa kwenda sokoni anaimaliza kwa saa moja na robo hivi. Andikeni kwa herufi kubwa kwamba kutembea kunaruhusiwa, na bibi mwenye kanga atakuja. Watoto wachezesheni mbio zao ndani ya uwanja wa shule, mwalimu akiwa na kipenga, bila kuziita masafa ya nne.

"Mji jirani walikuwa na masafa sita." Jirani akibandika vyungu sita na vyote vikaungua, hutumi mtoto akaazime mapishi.

Tukitaka mfano, tuuchukue kwa waliofanikiwa. Kilimanjaro Marathon inafanyika Moshi tangu mwaka 2003, na inakusanya maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya nchi. Mbio zake kuu ni tatu: 42.2, 21.1 na 5. Ikiwa mbio za ukubwa ule zinatangaza tatu, kamati yenye daftari moja na meza mbili za maji inapata wapi ujasiri wa tano?

Tunaelewa homa ya 42 imetoka wapi. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa muda wa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ya sekunde. Nchi ilisimama, na ilistahili kusimama. Lakini marathoni ni kilomita 42 na mita 195, kipimo kilichotokana na Olimpiki ya London ya 1908 na kuwa rasmi mwaka 1921. Kuandika neno hilo kwenye jezi hakumtengenezi Simbu mwingine. Anayemtengeneza ni kijana anayekimbia kilomita 10 iliyopimwa sawasawa, akapewa muda wake wa kweli, akajua mwakani apunguze dakika ngapi.

Na hapo ndipo penye dawa ambayo kila kamati inaizunguka. Tafuteni duara moja la kilomita 5.

Ifakara ni tambarare. Mitaa ya Viwanja Sitini, Lipangalala au Mlabani haikosi duara la namna hiyo nje ya barabara kuu. Ukizunguka mara moja umemaliza 5. Mara mbili, 10. Mara nne ni 20, na kilomita moja na ushee inayobaki mnaipata kwa kipande cha kwenda na kurudi cha mita 550 hivi. Masafa matatu, njia moja. Mwelekezaji aliyesimama kwenye kona anawaelekeza wote. Meza mbili za maji zinawahudumia wote. Anayeishiwa nguvu hayuko porini mbali na watu, yupo mtaani na gari la wagonjwa linamfikia kwa dakika chache. Na wananchi wanaotazama wanawaona wakimbiaji wakipita mara nne, badala ya kuona migongo yao mara moja tu.

Mtatuambia kuzunguka kunachosha. Marathoni ya mashindano ya dunia ya London mwaka 2017 ilikimbiwa kwa kuzunguka duara la kilomita 10 mara nne, na Simbu huyo huyo aliondoka pale na medali ya shaba. Kama duara halikumchosha yeye, halitamchosha mhasibu wa halmashauri.

Tunajua lami mpya inatamanisha. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ina kilomita 66.9, zaidi ya marathoni moja na nusu, na kila kamati ikiitazama inaota mbio ndefu iliyonyooka. Ila barabara hiyo ina mabasi na bodaboda. Upande wa Msolwa na Mang'ula kuna malori ya miwa pia, na miezi mizuri ya kukimbia, ile ya kiangazi baada ya masika, ndiyo miezi ambayo kiwanda cha sukari kinasaga. Mkitaka picha ya Daraja la Magufuli na mita zake 384, nendeni mkapige siku ya uzinduzi, mkiwa mmevaa jezi, kisha mrudi mjini mkakimbie.

Duara moja lina faida nyingine isiyosemwa: linapimika. Kilomita nyingi za mitaani zimepimwa kwa mita ya pikipiki, ndiyo maana vijana wetu "wanavunja rekodi" kila Jumapili. Njia rasmi za barabarani duniani hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio cha mizunguko ya gurudumu na kusawazishwa kwanza kwenye kipande kilichopimwa kwa futi kamba ya chuma. Kisha huongezwa mita 1 kwa kila mita 1,000 ili njia isije ikapungua. Ifakara nzima inaendesha baiskeli. Mji huu ukikosa mtu wa kupima kilomita 5 kwa baiskeli, basi hakuna mji utakaompata. Kupima duara moja ni kazi ya asubuhi moja. Kupima njia tano ni kazi ambayo tunajua haitafanyika.

Swali hili la njia ngapi zitangazwe si letu peke yetu. Kuna mchezo wa kukimbia kwa ramani na dira, orientiringi, ambao umeishi nalo kwa zaidi ya miaka 100. Mashindano yake ya kwanza ya wazi yalifanyika Norwei, karibu na Oslo, mwaka 1897. Mwaka 1919 kiongozi wa skauti wa Sweden, Ernst Killander, aliwakusanya vijana zaidi ya 200 nje ya Stockholm, na shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1961. Mkimbiaji anapewa ramani yenye vituo, anavifuata kwa mpangilio, na njia ya kufika anaichagua mwenyewe. Uingereza njia zao wanazipa rangi: nyeupe ni ya mtoto anayeanza, inafuata vijia, kahawia ni ya mzoefu anayekata msituni. Mwandaaji mwenye akili hapandi vituo vipya kwa kila rangi. Kituo kimoja kinaguswa na mtoto, na baba yake, na bingwa, kila mmoja akiwa ametoka upande wake. Ukitangaza rangi saba kwa wakimbiaji 40, utashinda msituni alfajiri nzima ukifunga vibendera vitakavyoguswa na watu wanne.

Skauti wetu nao wanafundishwa dira na ramani. Mwalimu anayetaka kuwachezesha aanze na njia mbili tu: fupi ndani ya eneo la shule, ndefu hadi mitaa ya jirani. Porini aache. Bonde hili lina tembo na nyati, na kwenye shamba la miwa kila mstari unafanana na mwenzake.

Mwalimu mwingine yuko juu ya vichwa vyetu, ila tumemzoea. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ina njia za miguu za urefu tofauti, na kila moja ina sababu yake. Njia ya Sanje inakupeleka kwenye maporomoko ya mita 170 na kukurudisha siku hiyo hiyo. Njia ya Mwanihana, kama kilomita 38, inakupeleka kileleni kwa siku tatu. Ile ya Lumemo ni ya siku kadhaa, kwa mtu aliyejiandaa kulala msituni. Hakuna aliyechonga njia ya katikati ili kibao cha getini kionekane kimejaa. Ukiuliza njia fulani ni ya nani, unajibiwa.

Nanyi jiulizeni hivyo hivyo kikaoni. Kilomita 5 ni ya nani? Ya mama, babu, mwanafunzi na mwenye kitambi. Kilomita 10 ni ya nani? Ya kijana wa mtaani anayetaka kujua kasi yake. Kilomita 21 ni ya nani? Ya mwanariadha na wa klabu aliyesafiri. Saba na nusu ni ya nani? Kimya. Kumi na tano? Kimya. Basi futa.

Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la nne halikiongezei chungu uimara, linazuia kuni tu. Anayeanza mwaka huu na watu wachache apike juu ya matofali mawili, kilomita 5 na 10, na 21 aiongeze siku wakimbiaji wake watakapoidai wenyewe.

Kwa hiyo kikao kijacho, kabla mwakilishi wa mdhamini hajafungua kompyuta yake, mtu mmoja asimame aandike ubaoni: 5, 10, 21. Kisha aweke chaki mfukoni.