Seziamu: Ijue Chumvi Yake, Ijue na Namba Yake

Leo tuliangalie swali linalowatatiza wengi: je, kloridi ya seziamu na seziamu 137 ni kitu kimoja?

Seziamu ni metali. Ikiungana na klorini huwa kloridi ya seziamu, chumvi nyeupe inayoyeyuka upesi majini. Jina hilo latueleza seziamu imeungana na nini. Namba nayo hueleza uzito wa kiini cha atomu yake. Seziamu inayochimbwa ardhini ni 133, na haitoi miale. Ile ya 137 hutokea katika mitambo ya nyuklia. Hutoa miale inayounguza mwili, na huchukua miaka 30 hivi nguvu yake kupungua nusu.

Lakini vyote viwili vyaweza kuwa katika unga mmoja! Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia katika kliniki iliyohamwa, wakachukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ndani mlikuwa na kloridi iliyotengenezwa kwa seziamu 137. Gizani iling'aa rangi ya buluu. Watu wakaistaajabia, wakagawiana, wengine wakajipaka. Miale ya 137 ikawaunguza. Na kwa kuwa ilikuwa chumvi ya kuyeyuka, ilishika ngozini na kuenea majumbani. Watu 249 walikutwa nayo. Wanne walifariki, akiwemo msichana wa miaka 6.

Basi 133 ni salama kumeza? La hasha! Wako wanaouza kloridi yake kama dawa ya saratani. Haijathibitishwa kuwa inatibu, na mwili huipokea kana kwamba ni potasiamu, madini yanayouongoza moyo. Moyo hupiga ovyo, na wako waliopoteza maisha. Mwaka 2018, idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake.

Kwa hivyo, ukiuziwa "seziamu" iponye saratani, usinunue, mwone daktari. Na ukikuta chuma chenye alama nyeusi ya mapanga matatu kwenye rangi ya manjano, usikifungue wala usikiuze. Ondoka, wazuie watoto, uwaarifu polisi.

Wahenga hawakukosea: vyote ving'aavyo si dhahabu. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.