Tangi la ‘kuua bakteria’ si dawa ya maji machafu Mtongwe

Maneno “huua bakteria” yamekuwa kivutio kikubwa katika biashara ya matangi na vyombo vya plastiki. Kwa mkazi wa Mtongwe, Likoni, ambaye mfereji wake hukauka mara kwa mara na kumlazimu kununua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20, ahadi hiyo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba ahadi yenyewe ni finyu kuliko inavyosikika.

Teknolojia hiyo si ulaghai. Viwandani, chembechembe ndogo mno za fedha (madini, si sarafu), shaba au oksidi ya zinki huchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, kisha chombo hufinyangwa. Penye unyevu, chembe zilizo karibu na uso wa plastiki huachilia ioni ambazo hushambulia ngozi ya bakteria na kuvuruga protini zake. Zilizozama ndani zaidi huchangia kidogo sana.

Kipimo kinachotumiwa kimataifa, ISO 22196, huweka maji kidogo yenye bakteria juu ya kipande cha plastiki kwa saa 24 katika joto la nyuzi 35, halafu bakteria waliosalia huhesabiwa. Hicho ni kipimo cha uso wa plastiki. Hakisemi lolote kuhusu lita 1,000 zilizomo tangini, wala kuhusu tangi ambalo kuta zake zimeota ute kwa kukosa kusafishwa.

Likoni kuna kikwazo kingine, nacho ni kizito zaidi. Maji ya mfereji yatokayo chemchemi za Marere na visima vya Tiwi, Kaunti ya Kwale, yanapokatika, wengi hugeukia visima vya mtaani. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na vingine viko karibu na vyoo vya shimo. Kloraidi iliyomo katika chumvi hushikana na ioni za fedha na kuzipunguzia makali. Kwa hivyo kinga hiyo hudhoofika papo hapo inapohitajika mno.

Kwingineko, serikali zimeingilia kati. Mnamo Machi 2014, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) liliamuru kampuni moja ikome kuuza vyombo vya chakula vyenye chembechembe za fedha, kwani madai yake ya kuzuia bakteria hayakuwa yamepitia usajili. Katika Muungano wa Ulaya, sheria ya 2012 inataka bidhaa yenye madai kama hayo itaje kwenye lebo kemikali iliyotumiwa, na ieleze iwapo ni ya chembe za nano. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lingeweza kudai maelezo ya aina hiyo kwa wauzaji wa matangi: ni madini gani, yamepimwa vipi, na yatadumu kwa muda gani.

Klorini ya matone, ambayo imeuzwa madukani nchini kwa bei nafuu tangu miaka ya 2000, hufanya kazi ndani ya maji yenyewe. Mtungi wenye mdomo mwembamba nao huzuia mikono na vikombe kuyachafua. Mwenye nyumba akigharimika kununua tangi la bei ghali, kisha wapangaji wake wakaacha kutia dawa au kuchemsha maji kwa kuamini lebo, plastiki hiyo itakuwa imewaongezea hatari ya kipindupindu.