Soya iliyokataa kuota

Mvua ya mwezi wa pili imeanza na majembe yametoka nyumbani. Juma hili turudi bustanini.

Mwaka uliopita, mama mmoja wa kikundi chetu alipanda soya nyuma ya nyumba yake. Alilima vizuri, akatia mbolea ya mbuzi, akangoja. Nyuma ya siku kumi aliona miche michache tu. Akasema: «Soya haipendi udongo wetu.» Alitaka kupanda mihogo pahali pake.

Udongo haukuwa na kosa. Tulichukua mbegu kumi alizobakisha, tukazifunga ndani ya kitambaa chenye maji, na kila asubuhi tukakilowesha tena. Siku ya tano tukafungua: tatu tu ndizo zilitoa mzizi. Zilikuwa mbegu za zamani za sokoni. Mbegu ya soya inapoteza nguvu upesi kuliko ya maharagi, zaidi sana ikilala mahali pa joto ao pa unyevu. Jirani akampa mbegu za mavuno mapya, na mwezi wa sita mama yule alivuna.

Basi tukubaliane: tusipande soya bila kuipima. Zikiota nane ao zaidi, tupande. Zikiota tano ao sita, tuongeze mbegu shambani. Chini ya hapo, tutafute nyingine.

Mistari iachane santimetre 40, na mbegu kwa mbegu santimetre 10. Isizikwe chini kupita santimetre 3. Tupalilie juma la pili ao la tatu, tena mara moja kabla ya maua. Maua yakitoka, jembe lipumzike. Wakati huo ng'oa mche mmoja, tazama vinundu vya mizizi. Ukipasua kimoja na ndani ni chekundu, vinafanya kazi ya kulisha mmea. Majani yakianguka na maganda yakikauka, tuvune asubuhi, kwa sababu jua la mchana linapasua maganda na mbegu zinamwagika.

Kiisha kuvuna, ndipo kuna mtego. Mchuuzi anafika na pesa, na mfuko wote unaondoka. Sisi waalimu tunawaona watoto wanaosinzia darasani kwa sababu wamekula bugali na sombe tu, siku kwa siku. Na bwaki tunaijua: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwanza kituo cha afya, uji peke yake hautoshi. Lakini yule ambaye hajafika hapo, tumlinde na soya yetu wenyewe.

Kwa hiyo mavuno tuyagawe mafungu matatu mbele ya mchuuzi kufika: la chungu, la mbegu, la soko. La chungu litoke kwanza. Na tusimpe mtoto soya mbichi ao iliyoiva nusu, itamsumbua tumbo. Tuikaange vizuri, tuisage pamoja na mahindi na mtama, tupate masoso yetu.

Siku ya posho, kwenye mkutano, kila mama alete kitambaa na mbegu kumi. Tutazipima pamoja, na juma lijalo tutafungua vitambaa mbele ya wote.