Kibajuni si kosa la imla

Mtu wa pwani akifika Eldoret na baridi yake, hutafuta chai ya moto na mtu wa kwao. Ijumaa moja baada ya sala nilivipata vyote viwili: chai ya tangawizi, na kijana wa Faza anayesoma chuo kikuu. Tukiwa tumeketi, mamake akampigia simu. Nilimsikia mama akisema Kibajuni kitupu: "mchu" kwa mtu, "kichu" kwa kitu. Mwana akamjibu kwa Kiswahili cha Nairobi mwanzo hadi mwisho.

"Mbona humjibu kwa lugha yake?" nikamwuliza.

"Ami, naifahamu, lakini siisemi. Skulini nilichapwa kwa kuandika 'mchu', na hapa wenzangu watanicheka."

Wasomaji wapenzi, "mchu" si kosa, ni kanuni. Penye "t" ya wengine, Mbajuni mara nyingi hutia "ch". Hata kisiwa cha Tula, kule kusini mwa Somalia, wenyewe hukiita Chula. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Haukuamuru ndimi nyingine zikatwe.

Kibajuni kimekwisha kupata mapigo ya kutosha. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa Wabajuni wengi katika mashamba yao ya bara, na vave, nyimbo za usiku wa kuamkia kuchoma msitu, zikakosa shamba la kuimbiwa. Mwaka 1991 dola ya Somalia ikavunjika, na watu wa Chula, Chovai na Koyama wakatawanyika hadi Mombasa na Uingereza. Huko Uingereza, Mbajuni aliyeomba hifadhi aliweza kupimwa kwa lugha yake. Aliyeisahau alithibitishaje kwao?

Katika visiwa vya Föhr na Amrum, Ujerumani, Kifrisi kina wasemaji wachache mno, na bado watoto hufundishwa skulini.

Katika Suratur-Rum, Mwenyezi Mungu ameihesabu tofauti ya ndimi zetu miongoni mwa ishara zake. Ishara ya Mungu haichapwi fimbo. Mwalimu na afundishe sanifu bila ya kumtusi mama wa mtoto. Nawe kijana, simu hiyo iliyo mfukoni hunasa sauti: ukienda likizo, keti na wazee wanaoijua vave kabla hawajatutoka. Na mama akipiga, mwitikie kwa lugha aliyokulelea. Mkataa kwao ni mtumwa.